Moshi Nyuma ya Namba Kumi na Nne

Kamati ya Wakaazi wa Fanaka Gardens iliketi Jumapili moja ya mwezi wa Juni baada ya ibada, ikala maandazi, ikanywa chai birika mbili, na kabla ya kuinuka ikawa imelimaliza tatizo la takataka lililoushinda mji mzima tangu uhuru. Kanuni nane zikapigwa chapa. Zikafungwa ndani ya nailoni zisilowe, ingawa kanuni ya tatu ilikuwa ikiilaani nailoni, kisha zikabandikwa getini mahali ambapo mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila kukutana nazo uso kwa uso.

Kila nyumba ipange taka zake katika mifuko mitatu: kijani kwa maganda na mabaki ya chakula, buluu kwa karatasi, chupa na makopo, mweusi kwa makorokoro yaliyobaki. Makopo yaoshwe kwanza. Maji ya bomba hufika Donholm, ilipo Fanaka Gardens, siku ya Jumanne, yakijisikia, lakini kanuni haikusema makopo yaoshwe kwa maji gani. Ya saba ilisema taka yoyote isibaki ndani ya ukuta baada ya lori kupita Jumamosi. Ya nane ilisema ni marufuku kuchoma taka, kwa sababu yoyote na kwa kiberiti chochote.

Fanaka Gardens ni nyumba thelathini na mbili zilizobanana ndani ya ukuta mmoja. Bustani zinazotajwa kwenye jina hilo alizila mjenzi. Ilibaki moja tu, nyuma ya namba kumi na nne, kwenye kipande chembamba cha ardhi kati ya dirisha la jikoni na ukuta wa mtaa, na hiyo haikuwa kwenye ramani yoyote. Ilikuwa ya Kathini.

Kathini, ambaye majirani humwita Mama Nzivo, ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya Outer Ring Road bila kutumia simu. Alikuwa na magunia ishirini na matatu ya udongo yaliyopandwa sukuma wiki na mchicha, na mwisho wa magunia hayo alikuwa na lundo la mbolea lenye kimo cha kifua chake. Mumewe, Munyoki, ni mchonga vinyago. Kila Ijumaa alirudi nyumbani na gunia la maranda yaliyodondoka chini ya tezo yake na tezo za wenzake. Kathini aliyatandaza juu ya maganda ya viazi, akanyunyiza samadi ya kuku aliyopewa na muuzaji mmoja karibu na Soko la Burma, akaweka maganda tena, maranda tena, tabaka juu ya tabaka, kwa uangalifu wa mtu anayepanga keki ya harusi ya askofu. Baada ya miezi kadhaa, ulitoka pale udongo mweusi usionuka kitu ila mvua.

Lundo la mwaka huu alilianza mwezi wa Mei. Lingeiva Septemba, na mvua za Oktoba zingekuta udongo mpya katika kila gunia. Udongo uliokuwemo ulikuwa umechoka. Sukuma zilikuwa zimeanza kutoa majani ya kumtosha mende kujifunika. Bila lile lundo kusingekuwa na mboga, na mboga zile ndizo nyumba namba kumi na nne ilizokula Jumatatu hadi Ijumaa, na ndizo Kathini alizowauzia majirani mwaka mzima, kwa sababu watu hununua vinyago Krismasi tu, na hata Krismasi huuliza bei kisha wakaondoka.

Basi Kathini alipozisoma zile kanuni nane, alizisoma zote kwa heshima. Yeye alikuwa akipanga taka zake miaka kumi na moja kabla kamati haijajua kwamba taka zina rangi. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Halafu Julai ikaingia na baridi yake.

Kila mtu aliyewahi kutunza lundo la mbolea anajua kwamba likioza vizuri huwa moto ndani, na asubuhi ya baridi joto lile hutoka nje likiwa mvuke mweupe. Alhamisi ya kwanza ya Julai, saa kumi na mbili na nusu, mvuke ulipanda nyuma ya namba kumi na nne ukiwa umenyooka kama mlingoti wa bendera. Bahati mbaya, saa hiyohiyo mwenyekiti wa kamati alikuwa amesimama kwenye dirisha lake la ghorofani akipiga mswaki.

Mwenyekiti alikuwa Patrobas. Alikuwa amestaafu kutoka usimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja cha sabuni kule Industrial Area, ila kiwanda hakikuwa kimestaafu kutoka kwake. Bado alivaa filimbi shingoni. Alitema dawa ya meno, akapiga picha, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na maneno haya: "Nyumba 14 inachoma taka. Hatua itachukuliwa." Kabla ya saa moja watu kumi na saba walikuwa wameshtuka kwa maandishi, na mkaazi wa namba tisa alisema kifua chake kilikuwa kimeanza kubana, ingawa alikuwa Machakos tangu Jumatatu.

Saa moja kamili Patrobas akabisha hodi.

"Karibu, Mwenyekiti," alisema Kathini. "Ingia upate uji."

"Sikuja kwa uji, Mama Nzivo. Nimekuja kwa kanuni ya nane."

"Ya nane ni gani? Ile ya kuogesha makopo?"

"Ya kuchoma. Unachoma taka. Ushahidi uko hapa kwa simu."

Kathini akaitazama ile picha kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Umeipiga vizuri," alisema. "Lakini huo si moshi. Ni mvuke. Mbolea ikioza hupata joto. Ni kama wewe hapo: unafuka tangu uingie na hakuna aliyekuwasha."

"Mama Nzivo, mimi nimesimamia boila miaka kumi na tisa. Kumi na tisa! Sijaona kitu kikifuka bila moto. Hata wahenga walisema, panapofuka moshi—"

"Wahenga hao walikuwa na mbolea, ama walikuwa wanakaa tu wakisema?"

Patrobas alishika filimbi yake, mkono ukishauriana na moyo kama aipulize au asiipulize ndani ya nyumba ya watu.

"Jumamosi lori litachukua hilo lundo lote," alisema. "Hiyo ni kanuni ya nane, na ya saba nimeiweka juu yake. Kamati imeamua."

"Kamati iko wapi? Mimi namwona mtu mmoja na filimbi."

"Jumamosi," alisema Patrobas.

"Halitatoka," alisema Kathini. "Sasa uji unautaka ama hutaki? Unapoa."

Hakuutaka. Munyoki, aliyekuwa amekaa pembeni akimkwaruza twiga asiye na masikio bado, alingoja mlango ufungwe.

"Mama Nzivo, si tuwaachie tu? Tutaanza lingine."

"Lingine litaiva lini?"

"Novemba. Desemba."

"Na mvua?"

Munyoki akarudi kwa twiga wake.

"Oktoba," alisema Kathini, kwa kuwa mtu lazima ajibu. "Udongo ukifika baada ya mvua ni uchafu tu wa kufagia. Sitoi. Hata wakija na jeshi, sitoi."

Ijumaa jioni mlango wa nyuma uligongwa na Khavere, mke wa Patrobas. Alikuwa amejifunga leso, na chini ya leso alikuwa na mfuko wa kijani. Hakuwa wa kwanza kupita kwenye mlango ule na mfuko kama ule. Mfuko wa kijani ukikaa jikoni tangu Jumamosi hadi Jumamosi, kufika Jumatano huwa umeanza kuwa na maoni yake, na wanawake wa Fanaka Gardens walikuwa wamegundua kimyakimya kwamba Mama Nzivo anapokea maganda siku yoyote bila kuuliza, na mtu hurudi kwake na kifungu cha sukuma.

"Mama Mitchelle," alisema Kathini, "mume wako anajua maganda yake yanalala wapi?"

"Ajue nini? Anajua sukuma ni tamu, basi." Khavere alimwaga mfuko wake upesi, kisha akaushika mkono wa mwenzake. "Lakini sikiza. Amechaji ile simu yake. Ameambia hata Mbaluka wa geti aje kesho na jembe. Huyo mwanaume akisema kitu mbele ya watu hawezi kurudi nyuma, hata akitaka. Mimi nimekaa naye, namjua. Toa tu hilo lundo, dada. Mambo yaishe."

"Wewe ungetoa?"

Khavere aliutazama mvuke mwembamba uliokuwa umeanza kuonekana jioni ile ya baridi.

"Mimi si wewe," alisema.

"Kesho ukija, pitia mbele," alisema Kathini. "Mimi nimechoka na wageni wa nyuma."

Jumamosi asubuhi mtaa uliamka mapema kuliko siku ya mtihani. Watu walikuja na mifuko yao mitatu mitatu mikononi, kila mmoja akijifanya kwamba njia ya kwenda getini hupitia kando ya nyumba namba kumi na nne. Baridi ilikuwa kali na lundo likafuka kuliko siku zote, bila aibu yoyote. Patrobas alikuwa amevaa koti la kazi la enzi za kiwanda. Nyuma yake alisimama Mbaluka, mlinzi wa geti, na jembe ambalo kwa dhahiri hakulipenda.

"Fukua," alisema Patrobas. "Tafuta moto."

"Mwaitu, nisamehe," Mbaluka alimnong'oneza Kathini, akimwita mama kwa lugha na adabu ya kwao.

"Chimba tu, mwanangu. Lilikuwa linangoja kugeuzwa wiki hii, na mgongo wangu ulikuwa hautaki."

Mbaluka akapiga jembe. Tumbo la lundo likafunguka na wingu likapanda mpaka madirisha ya ghorofani. Watu wakarudi nyuma. Mtoto mmoja alipiga makofi, mama yake akamzaba kidogo kwa heshima ya tukio.

"Mnaona?" Patrobas alipaza sauti. "Mnaona wenyewe? Maji! Leteni maji!"

Hakuna aliyekwenda. Ilikuwa Jumamosi; maji yalikuwa yamefika Jumanne kwa saa mbili, na kila mtu alijua idadi ya mitungi yake kama anavyojua idadi ya watoto wake.

"Maji ya nani?" aliuliza mtu kutoka nyuma.

Patrobas, kwa kuwa alikuwa amekwisha kusema mbele ya watu, hakuweza kurudi nyuma. Akatoa maji yake mwenyewe. Mitungi minne ililetwa kutoka nyumbani kwake, na Khavere aliitazama ikipita kama mtu anayetazama majeneza ya jamaa zake. Wa kwanza ulimwagwa, mvuke ukazidi. Wa pili, ukazidi tena. Kufikia wa nne Patrobas mwenyewe alikuwa haonekani kuanzia kiunoni kwenda juu, ila filimbi ilisikika ikilia mahali fulani humo ndani.

Wingu lilipopungua, Kathini alisogea akashika kingo ya lundo, akafinya konzi ya maganda, akaangalia tone likitoka.

"Asante sana, Mwenyekiti," alisema. "Lilikuwa limekauka. Nilikuwa nimekosa maji ya kulinyweshea."

Kicheko kilianza kwa watu wawili, kikaambukiza.

"Sasa Mbaluka," alisema Kathini, "tia mkono humo ndani unitafutie majivu. Ukipata kijiko kimoja cha majivu, nitalibeba lundo hili mpaka getini kwa kichwa changu."

Mbaluka akatia mkono mpaka kiwiko. Akautoa haraka.

"Ni moto kweli, lakini hakuna moto," alisema, akijaribu kujielewa. "Yaani ni kama kutia mkono kwa sufuria ya githeri. Majivu hakuna, mkubwa. Hata makaa hakuna."

Mtu mwingine angeinama, akasalimu, akaenda kunywa chai. Lakini Patrobas alikuwa ametumia mitungi minne.

"Sawa," alisema, akijifuta uso. "Kanuni ya nane nimeiondoa. Kanuni ya saba inabaki. Taka yoyote isibaki ndani ya ukuta baada ya lori. Hii ni taka. Lori ndilo hilo."

Na kweli, lori lilikuwa getini likipiga honi.

Hapo kicheko kikaisha, kwa sababu kanuni ya saba ilikuwa imeandikwa, na kila mtu alikuwa ameiona. Kathini akageukia lundo lake. Moto aliweza kuukana, taka je? Maganda ni maganda. Aliwatazama majirani wake na mifuko yao ya kijani mikononi, nusu yao wakiwa wamekula mboga zake wiki ileile, na kila mmoja aligeuka kutazama viatu vyake.

"Basi twendeni," alisema.

"Wapi?"

"Kwa lori. Mimi ni mtu wa kanuni. Nataka kuona taka za kijani zinalala wapi, ndiyo nijue lundo langu nikilitoa linakwenda kukaa na nani."

Akanyakua mifuko mitatu ya jirani yake wa namba kumi na tano bila kuomba ruhusa, akatangulia. Watu wakamfuata. Patrobas naye akafuata, kwani mwenyekiti hawezi kuachwa peke yake na lundo linalofuka.

Dereva wa lori aliitwa Ndete, kijana mwenye kofia ya sufu na mdomo usio na breki. Alikuwa ameegemea mlango akila maandazi.

"Niaje, mathe? Leta hapa tupakie."

"Mwanangu, nieleze. Huu wa kijani unauweka wapi?"

"Nyuma."

"Na wa buluu?"

"Nyuma."

"Na mweusi?"

Ndete aliacha kutafuna. Alimtazama Kathini, akawatazama watu thelathini waliokuwa nyuma yake, akamtazama Patrobas aliyekuwa akimkonyeza kwa macho yote mawili.

"Mathe, hii lori ina tumbo moja," alisema. "Mimi naambiwa nibebe, nabeba. Hizo rangi ni zenu. Sisi huko tunamwaga zote pamoja, halafu wale wa kuokota wanaanza kupangua upya."

"Yaani mimi naosha makopo?" aliuliza mama wa namba ishirini na moja, polepole, kama mtu anayeamshwa. "Na maji ya kununua? Naosha makopo, halafu yanaenda kulaliwa na samaki zilizooza?"

"Unaosha makopo?" Ndete alishangaa kwa dhati. "Aki pole."

Kelele zilizofuata zilisikika hadi barabarani. Patrobas alipiga filimbi, lakini filimbi ni kitu cha kunyamazisha watu wanaoogopa kupoteza kazi, na pale hakukuwa na mtu aliyeajiriwa naye. Akapaza sauti juu ya sauti zao: lori moja au kumi, kanuni ni kanuni, na wapakiaji waingie wachukue lundo la namba kumi na nne sasa hivi.

Wapakiaji wawili wakaingia na makoleo. Walipofika nyuma ya nyumba walimkuta Kathini amewatangulia. Alikuwa amebeba kiti cha plastiki kutoka jikoni, amekitia juu kabisa ya lundo, amekaa. Mvuke ulimtoka pande zote, chini ya kiti, kando ya sketi, nyuma ya kilemba. Alionekana kama malkia wa nchi fulani yenye volkano.

"Pakieni," alisema. "Lakini mnipakie pamoja nalo. Mimi pia nimeoza, ni mali ya kanuni ya saba."

Wapakiaji wakamtazama Ndete. Ndete akamtazama Patrobas.

"Mzee, mimi nimelipiwa kubeba taka," alisema. "Mama wa watu sibebi."

"Mtoeni!"

"Mtoe wewe."

Patrobas alipiga hatua moja. Lundo, likiwa limenyweshwa mitungi minne, lilimeza kiatu chake mpaka kifundoni. Akabaki pale, mguu mmoja kwenye saruji na mmoja ndani ya joto, uso wake ukiwa sawa na magoti ya Kathini.

"Mama Nzivo, shuka. Unanifedhehesha."

"Mimi nimekaa tu, Baba Mitchelle. Wewe ndiye uliyekuja na koti."

"Wiki ijayo tutarudi."

"Kiti kitakuwepo."

Ndipo Khavere alipopenya katikati ya watu. Alipitia mbele, kama alivyoambiwa. Alikuwa na mfuko wa kijani, mzito, wa mabaki ya jana usiku, na hakuwa amejifunga leso. Alimpita mumewe bila kumgusa, akaufungua mfuko, akaumwaga kwenye ubavu wa lundo, kando ya kile kiatu kilichomezwa.

"Khavere!"

"Umemaliza maji yangu yote," alisema Khavere. "Nitapika na filimbi?"

Akakunja ule mfuko mtupu, akaondoka. Baada yake akaja mama wa namba ishirini na moja. Halafu wa kumi na tano, aliyeirudisha mifuko yake kwanza kutoka kwa Ndete. Halafu wakaja wengi, wakamwaga kwa fujo, mpaka Kathini akalazimika kunyanyua miguu.

"Ngojeni!" alifoka kutoka juu. "Mnafanya nini? Nani amewaambia mnamwaga hivyo? Maganda, halafu maranda! Munyoki, leta gunia! Na nyinyi, mifupa hapana. Mafuta ya kukaangia hapana. Wewe wa namba thelathini, huo ni mkebe wa dawa ya viatu, mimi naona! Toa!"

Ilidhihirika kabla ya saa sita kwamba kanuni za Kathini zilikuwa kumi na tatu, hazikuandikwa popote, na zilikuwa kali kuliko nane za kamati. Maganda ya mananasi yakatwekatwe. Maganda ya mayai yapondwe. Ugali unakubaliwa, ila usiwe bonge. Asiyetaka, lori lile pale. Hakuna aliyelifuata lori.

Kamati iliitisha kikao maalumu kuhusu kanuni ya saba. Kikao hakikutimiza akidi. Kiliitishwa tena, hakikutimiza tena. Wajumbe walikuwa nyumbani wakikatakata maganda ya mananasi.

Jumamosi iliyofuata Kathini alikuwa kwenye kiti chake tangu saa kumi na mbili, kama alivyoahidi, koleo mapajani. Foleni ilikuwa ndefu. Mwisho wake alisimama Patrobas, bila koti na bila filimbi, akiushika mfuko wa kijani mbali na mwili wake.

"Nimetumwa," alisema zamu yake ilipofika. "Usifikiri nimekubali. Mambo ya kanuni ya saba tutayazungumza."

"Tutayazungumza," alisema Kathini. "Fungua nione."

Akafungua. Kathini akachungulia, akatia mkono, akatoa kijipande cha nailoni kilichonata kwenye ganda la ndizi, akakiinua kwenye mwanga ili foleni yote ikione.

"Rudi nyumbani, Mwenyekiti," alisema. "Ukapange upya."